Banda, Rodi na Majambazi Wakarimu

Basi wamezirudisha tena zile tamthilia za zamani za Marekani. Unafungua televisheni jioni ukitegemea taarifa ya habari, unakutana na The A-Team, ile ya 1983 hadi 1987. Wanaume wanne waliopigana Vietnam, watatu kati yao wakasingiziwa kosa, wakatoroka jela ya kijeshi, na sasa wanajificha ndani ya gari jeusi lenye mstari mwekundu ambalo hata mtoto wa chekechea angelitambua toka ng'ambo ya barabara. Hilo nimesamehe. Mimi mtu mzima, nina heshima zangu, sigombani na televisheni.

Lakini lile banda!

Majambazi wakiwakamata, kuwaua hawawezi, wanawafungia bandani. Na bandani mna nini? Mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi imejaa, pleti za chuma na gari bovu. Jamani, jambazi gani huyo? Hata muuza chipsi akifunga kibanda, mtungi anaupiga mnyororo.

Muziki unaanza, cheche zinaruka, dakika mbili gari limekuwa kifaru cha vita. Haya, tuhesabu. Pleti ya milimita 6 ina kilo 47 kwa mita moja ya mraba. Zungushia gari mita 10 tu za mraba: kilo 470, kabla B.A., yule fundi wao, hajapanda na mikufu yake ya dhahabu. Springi za nyuma zimelala, tairi zinasugua bodi. Na bodi yenyewe haifiki milimita moja! Ukiigusa na rodi ya kuchomelea ya milimita 3.2 kwa ampea 110 hupati kiungo, unapata tundu. Inabidi ushuke kwenye rodi ya 2, ampea 50, udonoe, uache ipoe, udonoe tena, maana ukilazimisha bati linapinda na mlango haufungi. Kisha ugonge gamba, upige brashi, ukague. Rodi moja ya 3.2 inakupa mshono wa sentimita 20 hivi, mkono ukiwa mzuri. Kuizunguka pleti ya mita 1 kwa 2 ni mita 6, yaani rodi 30. Pleti moja hiyo! Wakimaliza gari zima, majambazi wameshastaafu, wanadai mafao. Na mlinzi mlangoni, grainda inalia kutwa, yeye anadhani ni nyuki?

Tena B.A. anachomelea na dhahabu imejaa kifuani, madini yanayopitisha umeme na joto kuliko chuma. Halafu baada ya jasho lote hilo, chuma cha kawaida cha milimita 6 si cha kukitegemea mbele ya risasi ya bunduki ya kivita kwa karibu. Kinatakiwa chuma kilichokazwa. Bahati yao kule risasi zinamwagika kama mvua ya masika na hakuna anayechubuka. Gari linapinduka mara mbili, watu wanatoka wanajipangusa vumbi.

Na umeme! Nani alinunua LUKU ya banda lile?

Siku nyingine wakaunda mzinga wa kurusha kabeji. Kabeji nzima nzima. Bei yake mnaijua.

MacGyver naye, shujaa wa tamthilia nyingine, anaziba rejeta inayovuja kwa yai. Ute unaganda kwenye nyuzi sitini na kitu, maji ya rejeta yanakaribia 90, kwa hiyo tundu dogo litaziba, sikatai. Ila na mirija myembamba nayo itaziba, ukanunue rejeta nzima. Wale wa Dukes of Hazzard, tamthilia nyingine tena, wanarusha Dodge Charger ya 1969, injini mbele, pua nzito, hadi buti ilijazwa uzito isitue kwa pua. Ikitua imepinda. Inayoendelea na safari mara nyingi ni gari jingine. Sisi tuta moja tu la mtaani, bushi kwisha.

Kinachokera hasa ni dakika mbili zile. Mpelekee fundi wetu geti, geti tu, bawaba mbili na komeo. Anachukua advansi, anapima kwa kamba, anakwambia Jumatano. Ya mwezi gani hasemi, na simu yake siku hiyo haipatikani.