Pingree wa Detroit: Viazi, Farasi na Kofia Mbili

Sanamu ya Hazen Pingree, aliyekuwa meya wa Detroit nchini Marekani, iliyo katika bustani ya Grand Circus mjini humo, imemketisha kitini. Wakosoaji wake wangesema hapo fundi hakukosea, maana kiti alikipenda.

Matajiri wa chama cha Republican walimsimamisha agombee umeya mwaka 1889 wakijua ni mwenzao, mwenye kiwanda kikubwa cha viatu. Wakajuta. Wafanyakazi wa tramu walipogoma mwaka 1891, alikataa kuita wanajeshi. Akazibana kampuni za tramu zishushe nauli hadi senti 3, na kufikia 1895 taa za barabarani ziliwashwa na mtambo wa umeme wa jiji lenyewe.

Lakini kilichomjengea jina ni viazi. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1893, Detroit ikajaa watu wasio na kibarua, wengi wao wahamiaji kutoka Poland na Ujerumani. Pingree akawaomba wenye viwanja vilivyokaa bure, vikingoja bei ipande, waviazime kwa maskini walime. Watu wakacheka, wakambandika jina la Pingree wa Viazi. Mchango aliouomba makanisani ukarudi vijisenti, basi akampiga mnada farasi wake wa thamani ili mbegu zipatikane. Mwaka 1894 zikalimwa ekari zipatazo 430, na baridi ilipoingia mamia ya familia walikuwa na viazi na maharage ndani. Miji mingine ikaiga.

Ni kweli, viazi havikumrudisha mtu kiwandani. Ila aliyekuwa na njaa Desemba ile hakuwa na nafasi ya kubishana.

Kwangu mimi hesabu inaharibika baadaye. Alichaguliwa gavana wa Michigan mwaka 1896, akataka kuvaa kofia mbili, ya gavana na ya meya, hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ilipomkatalia mwaka 1897. Wanaomtetea husema alihofia kampuni zingeurudisha mji mfukoni mwao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini mji wenye mtu mmoja tu wa kuaminika, aliujenga nani?

Hilo naweza kulimeza. Lisilopita kooni ni la mwishoni mwa ugavana wake: mtu aliyewahi kuwakamatisha wajumbe wa bodi ya shule ya Detroit kwa rushwa aliwasamehe maofisa wa jeshi la jimbo waliopatikana na hatia katika kashfa ya sare za askari.