Namwandika kwa penseli

Mtu akipiga simu kutaka kunitumia advansi ya kisanduku cha DI, namwambia akae na pesa zake. Jina lake naliandika kwa penseli, kikiwa tayari nitampigia. Wengine wanaona najidai.

Kwa asiyekijua, DI ni kifupi cha "direct injection": ni kile kisanduku cha bati kinachokaa kati ya kinanda na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Ndani kuna transfoma ya uwiano wa 10 kwa 1 na swichi ya kukata ethi, umeme hakitaki. Kinaua ule mvumo unaojaa kwenye spika kinanda kikichomekwa soketi hii na mikisa soketi ile, na sauti inasafiri kwenye waya mrefu bila kuokota makelele njiani. Kwaya na bendi za harusi wanakielewa vizuri. Mchana mimi ni mhasibu. Kulehemu ni usiku, watoto wakishalala.

Mara ya kwanza nilikusanya advansi za watu 12. Transfoma nikaagiza nje, zikafika baada ya wiki saba, zote za 1 kwa 1. Pesa za watu zimegeuka vyuma visivyonifaa! Nikaagiza nyingine kwa mshahara wangu, na miezi miwili nzima nikawa naiogopa simu. Mzee mmoja wa kwaya alipiga kila Jumatatu, bila ukali wowote: "Mwanangu, kile kisanduku vipi?" Afadhali angenitukana.

Sasa nategemea upatu. Tuko 10 ofisini, kila mmoja sh 50,000 kwa mwezi, zamu yangu ikifika nashika 500,000. Kisanduku kimoja kinakula 40,000: zaidi ya nusu ni transfoma, halafu fundi bati wa Gerezani, jeki za kuchomekea waya, swichi, risasi ya kulehemu. Natoa 12, inabaki 20,000 ya bodaboda. Nauza 75,000. Upatu nao ni deni, nisijidanganye, ila hili linakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo na hakuna anayeniuliza mzigo uko wapi. Tena zamu hairudi mpaka miezi 10 ipite, kwa hiyo hata nikipandwa na tamaa ya kutengeneza 50, sina pa kuanzia. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Vijana hunitajia Bill Finnegan wa Marekani, aliyeanza kuuza pedali ya kubadili sauti ya gitaa iitwayo Klon Centaur mwaka 1994 akiitengeneza kwa mkono, zikafika kama 8,000. Namheshimu sana. Lakini leo moja iliyotumika inauzwa kwa maelfu ya dola, na pesa hizo zinaingia mfukoni mwa anayeiuza, si mwa aliyeilehemu. Mimi zangu 35,000 kwa kila kisanduku nazishika mwenyewe.

Zamu yangu ijayo ni Machi. Yule mzee ameshasema anataka viwili. Safari hii hakugusia kabisa habari ya advansi.