Kusomea modeli za bahari: mbona Unguja haionekani?

Kuna kijana kamaliza digrii ya sayansi ya bahari, anataka kuendelea na masters kwenye modeli za namba, yaani ukae na kompyuta uhesabu mikondo, joto na chumvi ya maji yanavyobadilika, sasa msimamizi wake kamwambia achana nayo, bahari inasomwa kwa boti na vipimo, hizo modeli waachie Wazungu wenye supakompyuta. Kaniuliza mi naonaje. Najibu kwa kirefu kidogo maana hili swali linarudi kila mwaka.

Msimamizi ana hoja, tusimbeze. Modeli bila vipimo huwezi kujua imepatia au imekosea, na vipimo pwani yetu ni vichache kweli, yale maboya ya Argo karibu 4,000 yanayoelea duniani yakipima joto na chumvi ya maji, kazi yao ni bahari ya kina kirefu, huku kwenye miamba na mikoko hayafiki. Alafu modeli zimeshatuangusha: kuanzia miaka ya 1980 mvua za masika Afrika Mashariki zilipungua kwa muda mrefu wakati modeli nyingi za dunia zikisema mvua itaongezeka, na mpaka leo nyingi zinazidisha vuli na kupunguza masika. Ajira nazo chache, hilo sibishi, mikataba ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi nje.

Ila hapo hapo kwenye kuangushwa ndo mi naona sababu ya kusoma. Modeli nyingi za tabianchi ya dunia, bahari yake imekatwa miraba ya kama digrii moja, huku kwetu karibu na ikweta ni kilomita 111 hivi kila upande. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana haufiki 40. Kisiwa kizima kinaingia kwenye mraba mmoja na nafasi inabaki! Ule mlango wa bahari ambao boti za Dar zinapita kila siku haupo. Pemba haipo. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024, na Mafia kwenye miraba ile nayo haipo. Mraba mmoja una joto moja na mkondo mmoja, wakati kati ya Pemba na Bara kina ni mamia ya mita na kati ya Unguja na Bara ni makumi tu, maji ya sehemu hizo mbili hayana tabia moja kabisa, mvuvi yeyote anajua. Mara ya kwanza kufungua ramani ile nilitafuta kwetu kama dakika kumi, nikidhani nimeigeuza vibaya.

Utasema si wakate miraba midogo? Ukigawa upande wa mraba nusu, mraba mmoja unakuwa minne, na hatua ya muda, yaani muda modeli inaouruka kutoka hesabu moja mpaka nyingine, nayo lazima uipunguze nusu la sivyo hesabu zinalipuka, kwa hiyo kazi inakuwa mara 8. Fanya hivyo mara nne, kutoka kilomita 100 mpaka 6 na kidogo, ni mara 4,096. Kwa dunia nzima na miaka 100 ya makadirio huo ni mzigo mzito mno. Lakini kipande kidogo, tuseme Mtwara mpaka Lamu, unakikata vizuri kwenye seva ya kawaida tu, na programu za modeli za bahari kama ROMS, CROCO na NEMO zinapakuliwa bure. Kwanza wanasayansi wa tabianchi Manabe na Wetherald mwaka 1967 walihesabu safu moja tu ya hewa kutoka chini mpaka juu, wakapata kwamba kabonidioksaidi ikiongezeka mara mbili joto linapanda nyuzi 2.3 hivi, na Manabe kapewa Nobel 2021 kwa kazi iliyoanzia huko. Laptopu yako leo inaizidi mbali mashine waliyotumia wao. Nani akikate hicho kipande chetu kama si mtu anayejua kusi na kaskazi tangu utotoni?

Modeli yangu mwenyewe ilinigomea wiki tatu. Inafika siku ya nne ndani ya modeli inakufa, kila safu imejaa NaN, alama ya kompyuta kwamba jibu si namba tena. Kumbe tatizo mteremko wa Pemba, sakafu inashuka ghafla mno, modeli ikawa inazaa mikondo ya uongo. Nikalainisha mteremko, ikatembea, nikafurahi. Nikaenda kumwonyesha mzee mmoja nahodha wa Mkoani, Pemba, ramani ya mikondo ya kusi, akaiangalia akaweka kidole, "Hapa sivyo mwanangu, hapa maji yanarudi nyuma." Nikarudi kukagua, kweli, nilikuwa nimelainisha mpaka mwamba umefutika.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda kasome, anza na Linux (mfumo wa kompyuta) na Fortran (lugha ya kuandikia modeli) sasa hivi usisubiri chuo. Na msimamizi wako usigombane naye. Muulize safari ijayo ya boti ni lini, umpelekee ramani ya modeli inayoonyesha sehemu mikondo inapogeuka, umwombe ashushe vifaa vyake hapo.