Pijo Langu Si Chuma Chakavu

Leo saa moja na nusu asubuhi, chai iko mezani hata sijaigusa, kijana wa chuma chakavu ameingia getini na mkokoteni wake, akaliegemea gari langu, Pijo, kama anaegemea ukuta wa kwao, akaniuliza: "Mzee, hili mnalitoa shilingi ngapi kilo?"

Nieleze kwa utulivu, maana mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Nilikuwa nimesali, nimenyoa ndevu, nimevaa kaptura ya kazi kwa sababu leo ilikuwa siku ya kabureta. Najua mtasema hata Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kabureta. Sikatai. Lakini masika haya, nani amefanya kazi nje? Ukifungua boneti mvua inashuka, ukifunga jua linatoka linakucheka. Na gereji sina. Nina mirunda minne na turubai lililobaki baada ya msiba wa shemeji, ambalo likijaa maji linaning'inia tumbo mpaka unaogopa kupita chini yake.

Ya ndani ya nyumba msiniulize. Dari la sebuleni fundi alilitoboa mwezi wa pili "ili tulione tatizo." Tatizo tumeliona. Yeye hatujamwona.

Turudi kwa kijana.

"Kijana," nikamwambia, "hili ni gari."

Akazunguka upande wa pili. "Matairi yake yako wapi?"

"Yako ndani." Kweli yako ndani, matatu, chini ya kitanda cha wageni. Ndiyo maana siku hizi hatupati wageni.

"Kwa hiyo linakaa kwenye matofali."

"Kwa muda tu."

Akayatazama yale matofali. Yameota majani, na moja lina konokono. Hakusema kitu, na kutosema kwake ndiko kulikoniudhi zaidi. Nikaona nimpe darasa. Nikamwambia hii ni Peugeot 504, ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata Ulaya ikachaguliwa gari la mwaka. Safari Rally ilishinda 1975, ikashinda tena 1978. (Ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili, lakini hayo kijana hayamhusu.)

Akaliangalia kwa heshima kidogo. "Hili hapa?"

"Si hili lenyewe. Ndugu zake."

"Aaah," akasema. Ile aah unayopewa ukisema una mjomba Marekani.

Halafu akagonga mlango kwa kidole, ko ko ko, kama anachagua tikiti maji, akatoa hukumu: "Hapa pana kilo mia sita."

Hapo ndipo nilipokosea. Mwenye akili zake angemsindikiza mpaka getini. Mimi damu ikanipanda. Mia sita! Pijo, mia sita!

"Kijana, usinitukanie gari. Hili linapita kilo 1,200!"

"Haliwezi, mzee. Viti si chuma. Vioo si chuma. Hii rangi na pati hapa mbavuni si chuma."

"Na injini je?"

"Kwani ipo?"

"Ipo!" Silinda hedi iko jikoni, imefungwa kwenye kitenge chini ya meza, lakini kwa haki zote bado ni mali ya injini.

"Basi weka mia nane na nusu."

"Elfu moja na mia moja, na hapo nimekuhurumia!"

Nikajisikia mwenyewe ninavyopiga kelele. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, katibu wa kamati ya barabara ya mtaa, nabishana bei ya gari nisiloliuza, na ninapandisha. Na dirisha la jikoni liko wazi.

"Baba Neema," sauti ikatoka huko, tamu kuliko ilivyowahi kuwa tangu Pasaka, "usisahau na ile gia boksi iliyo chini ya mwembe."

Miaka yote mke wangu anaiita "lile dude." Leo ameijua jina lake.

Kijana akatoa simu, akazidisha, akanionyesha. Tarakimu siitaji. Niseme tu ingetosha bati za upande mmoja wa paa, na huo ndio upande unaovuja. Nikanyamaza. Mke wangu alipoona nimenyamaza akatoka nje na stuli: "Kaa, mwanangu. Umeshakunywa chai?" Akamletea kikombe. Kikombe changu. Chai yangu.

Kwa hasira nikachukua bisibisi, nikafungua mlango wa nyuma, ili aone mwenyewe kwamba hili si debe, lina viti safu tatu. Safu ya tatu tukamkuta kuku wa jirani ameatamia.

Kijana akapuliza chai. "Na huyu yumo kwenye bei?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jamani, marehemu baba alitupakia humu watu kumi na mmoja mpaka Korogwe, gia iko kwenye usukani, mbuzi yuko miguuni kwa shangazi. Miaka ile ya shida ya mafuta, Jumapili ikigonga saa nane mchana magari ya watu binafsi marufuku barabarani, na mzee hakulalamika, alichukua kitambaa akalifuta. Alisema na gari nalo lipumzike. Sasa linapumzika siku zote saba. Na mimi siombi liende Korogwe! Naomba liwake. Dakika mbili. Moshi utoke, majirani wakohoe, nizime, niingie ndani nikale. Kwa hilo tu, miaka sita natafuta gasketi ya hedi. Kule Gerezani, kwa wauza spea, wananiita Babu Pijo. Kila duka wananiambia nenda Kenya, wenzetu waliendelea kuziunganisha mpaka 2004, spea zipo. Zipo, ndiyo. Zipo ndani ya Pijo za watu, na hao watu nao wanazunguka kutafuta gasketi.

Jirani yangu wa kushoto ana Toyota IST. Inawaka kila siku. Hana hata jambo moja la kuhadithia.

Kijana mwishowe hakulichukua gari. Alichukua zile bati kuukuu zilizoegemezwa ukutani, akazipima, akamlipa mama Neema mkononi, akaaga kwa adabu: "Ukikata tamaa, mzee, namba yangu anayo mama." Anayo mama!

Saa nne mvua ikashuka. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba zile bati ndizo nilizokuwa nafunikia boneti.

Nikampigia fundi wa dari, angalau niwe na mtu wa kumgombeza. Akasema yuko njiani. Njiani gani yenye sauti ya mtangazaji wa mpira na watu wanashangilia goli, mimi sijui, labda anapitia uwanjani. Fundi rangi yeye hapokei kabisa, ambavyo angalau ni ukweli.

Mayai ni tisa, nimeyahesabu. Yakianguliwa sijui vifaranga nitawatoaje, maana ule mlango nimeurudishia na sasa hata kwa bisibisi haufunguki. Kitasa chake nilikwenda nacho Gerezani wiki iliyopita kama sampuli, wakanisifu kwamba hicho ni kitasa halisi, hawajakiona siku nyingi, nikafurahi, nikakisahau kwenye daladala ya Mbagala.