Mbegu za hempu za Kanada na ufuta wetu wa Lindi

Katika maduka ya vyakula ya Winnipeg, mji wa Kanada ninaoishi, mbegu za hempu, mmea wa jamii ya bangi usiolevya, hupangwa rafu moja na shayiri, lozi na asali, na maziwa yake hukaa jirani na maziwa ya soya, bila mtu kuyatazama kwa wasiwasi. Manitoba na majimbo jirani ya Saskatchewan na Alberta yamekuwa yakilima mmea huu tangu mwaka 1998, Kanada iliporuhusu kilimo chake kwa leseni. Mimi nimezaliwa na kulelewa Lindi, mkoa ambao kaya nyingi huendesha maisha kwa ufuta na korosho, na ndugu zangu wa huko wananiuliza mara kwa mara kama mbegu hizi zina maajabu yanayosimuliwa mitandaoni. Jibu langu ni kwamba hempu ni chakula chema kweli, ila sehemu kubwa ya wema huo tunayo nyumbani kwa bei nafuu zaidi. Kinachotutofautisha na watu wa huku ni kwamba wao huzila mbegu zao kila siku kama chakula, nasi za kwetu tunaziuza zote au tunazitupa.

Hofu ya kwamba hiyo ni bangi haipaswi kudharauliwa, kwa sababu kisayansi mmea ni mmoja, *Cannabis sativa*. Tofauti ni kwamba hempu imechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ili iwe na THC kidogo mno, yaani ile kemikali inayolevya, na sheria ya Kanada inataka kiasi chake katika maua na majani kisizidi asilimia 0.3. Punje yenyewe haitengenezi THC. Kinachoweza kupatikana ni mabaki ya utomvu wa maua yaliyogandamana na ganda, ndiyo maana punje husafishwa na kukobolewa, na bidhaa zinazotokana nayo haziruhusiwi kuzidi maikrogramu 10 za THC kwa kila gramu. Mtu anayetia vijiko vitatu kwenye uji wake halewi. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitamka Desemba 2018 kwamba haina pingamizi na punje zilizokobolewa, unga wa protini wake na mafuta yake kutumika katika vyakula. Wenzetu wanaoendesha malori wasichanganye jambo hili na mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya mmea huu, ambayo hutokana na maua na majani: Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikwisha kuonya mwaka 2020 kwamba dereva akikutwa na dalili za bangi katika vipimo, kisingizio cha kutumia CBD hakikubaliki.

Sasa tuje kwenye lishe yenyewe. Vijiko vitatu vikubwa vya punje zilizokobolewa, ambavyo ni kama gramu 30, vina karibu gramu 9 na nusu za protini, kiasi kinachozidi cha yai moja, pamoja na miligramu 200 hivi za magnesiamu, miligramu 3 za zinki na zaidi ya miligramu 2 za madini ya chuma. Protini hiyo, ambayo nyingi ni ya aina iitwayo edestini, humeng'enywa kwa urahisi na ina asidi amino zote, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ingawa moja kati yake, laisini, ni pungufu. Kwa sababu hiyo inafaa ifuatane na maharage au kunde, jambo ambalo kwa Mtanzania si geni hata kidogo. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, na zaidi ya robo tatu ya mafuta hayo ni yale ambayo, yakishika nafasi ya mafuta ya wanyama au ya mawese, husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu. Humo mna gramu 2 na nusu hivi za omega-3 ya mimea, aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, wakati mwanamume mzima hushauriwa kupata gramu 1.6 kwa siku na mwanamke gramu 1.1. Ni mbegu chache duniani zinazokusanya protini na omega-3 kwa pamoja namna hii, na mtu anayeishi mbali na bahari, katika mji ambao samaki wabichi ni ghali na baridi hukaa miezi mitano, ana sababu nzuri ya kuziweka jikoni. Mimi ninazo, na nitaendelea kuzinunua.

Nisichokubaliana nacho ni kuifanya hempu kuwa dawa. Nimesoma ujumbe unaozunguka katika makundi yetu ukidai kwamba mbegu hizi huponya kisukari, hushusha shinikizo la damu kwa wiki chache na hata huzuia saratani, na inaniumiza kuona mtu mzima mwenye ugonjwa wa kweli anaacha vidonge vyake kwa maneno kama hayo. Ushahidi uliopo kwa binadamu ni mdogo, na sehemu kubwa ya majaribio yamefanywa kwa wanyama au kwa dozi ambazo hakuna anayekula mezani. Hata omega-3 yake ina mpaka: ni ya aina ya mimea, ambayo mwili hubadilisha sehemu ndogo tu kuwa zile aina mbili zinazohitajika zaidi na ubongo na moyo, na hizo mbili hupatikana zikiwa tayari ndani ya samaki.

Hapo ndipo ninapowakumbuka dagaa. Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa, hivyo mlaji hupata protini, omega-3 iliyo tayari na kalsiamu kwa mkupuo mmoja, na hakuna pakiti ya hempu inayoweza kushindana naye. Mbegu za maboga nazo, zile zinazobaki tunapopika futari na mara nyingi huishia jalalani au kwa kuku, zina protini karibu sawa na hempu, madini ya chuma yanayolingana nayo, na magnesiamu na zinki ambazo hazipungui sana. Zinachokosa ni omega-3 peke yake. Ufuta una protini pungufu, takriban gramu 18 katika kila gramu 100, lakini gramu 30 za ufuta usiokobolewa zina kalsiamu inayokaribia ya kikombe cha maziwa, ingawa si yote hufyonzwa kwa sababu ya oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu, iliyomo kwenye ganda, wakati kiasi hichohicho cha hempu kina miligramu 20 tu. Ufuta una sifa nyingine ambayo watu wa huku hawaijui na sisi hatuizungumzi: mafuta yake yana viambato vya asili vinavyoyakinga yasichache, kwa hiyo hustahimili joto la ghala la Nachingwea au Kilwa. Mafuta ya hempu hayana subira hiyo. Punje zake zikishafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye jokofu, na mafuta yake hayafai kukaangia chochote.

Kuhusu maziwa ya hempu, nadhani tunapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko kwa mbegu. Kuyatengeneza nyumbani ni rahisi: nusu kikombe cha punje, vikombe vitatu au vinne vya maji, blenda kwa dakika moja, na hakuna haja ya kuloweka wala kuchuja, anayejua kukamua tui la nazi hahitaji kufundishwa. Yanafaa kwenye chai na uji, hasa kwa wengi wetu ambao tukinywa maziwa ya ng'ombe tumbo hujaa gesi kwa kukosa kimeng'enya cha kusaga laktosi. Lakini kikombe cha maziwa hayo ya dukani huwa na gramu 2 au 3 tu za protini, dhidi ya gramu 8 za maziwa ya ng'ombe, na kalsiamu na vitamini D zilizoandikwa kwenye boksi zimeongezwa kiwandani, hivyo yale ya nyumbani karibu hayana. Vitamini D si jambo dogo kwa mtu mweusi anayeishi Winnipeg, ambako jua la Januari halina nguvu ya kuiamsha katika ngozi, na ndiyo maana Kanada huwalazimisha wenye viwanda kuitia kwenye maziwa ya ng'ombe. Watoto wadogo ndio wanaonitia hofu: madaktari wa watoto wa hapa hawashauri maziwa ya mimea yawe kinywaji kikuu cha mtoto aliye chini ya miaka 2, na mama asiachishe ziwa wala asiache maziwa ya kopo ya watoto kwa kufuata mtindo. Tena, kabla ya kukimbilia boksi, mtu mzima ajaribu mtindi; bakteria wa maziwa mgando huwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na matumbo mengi yanayokataa maziwa yasiyoganda huupokea mtindi bila shida.

Mwaka 2019 Kanada ilitoa mwongozo mpya wa chakula ambao uliliondoa kundi la maziwa lililokuwa likijitegemea na kuweka kundi moja la vyakula vya protini, ukiwahimiza watu kuchagua vya mimea mara nyingi zaidi. Matokeo yake unayaona kazini na shuleni, ambako mtu hufungua kikopo cha mbegu wakati wa mapumziko na hakuna anayemdhania ni maskini. Huko kwetu hali ni kinyume. Mkulima wa Lindi hupeleka ufuta wote kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, nao husafirishwa ukiwa ghafi kwenda Asia, kisha watoto wake hunywa uji mweupe wa sembe. Dagaa wengi wa Ziwa Viktoria husagwa kuwa chakula cha kuku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na udumavu huo umeshamiri hata katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayolisha nchi. Simlaumu mkulima, kwa kuwa fedha ya ufuta ndiyo ada ya shule na bati la nyumba; nasema tu kwamba debe moja likibaki ndani, likakaangwa na kusagwa, kijiko kimoja katika bakuli la mtoto kila asubuhi kingefanya sehemu ya kazi ambayo hempu inafanya huku kwa bei kubwa.

Kwa hiyo wale walioniomba niwatumie mifuko ya hempu kwa mtu anayekuja, naomba radhi, sitatuma. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya ni kali kuhusu bangi, na sitamweka mjumbe wangu katika nafasi ya kumweleza ofisa wa uwanja wa ndege kwamba picha ya jani iliyo kwenye mfuko ni ya chakula. Isitoshe, punje hizo zingefika zimekwisha kupigwa na joto. Shangazi anayetaka kuongeza protini na magnesiamu aoshe mbegu za maboga, azianike mpaka zikauke kabisa, azikaange bila mafuta kwa moto mdogo, kisha azitwange na chumvi kidogo na kuziunga kwenye mboga za majani. Anayehitaji omega-3 anunue dagaa waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala harufu ya kuchacha, na awale mara mbili au tatu kwa wiki.