Konda asiyegeuka kutazama abiria

Jumapili iliyopita nilienda kwenye tamasha la kwaya na okestra hapa Dar, ukumbi siutaji maana bado nataka kualikwa. Nilienda na mpwa wangu wa miaka minane, dada yangu ndo aliyesema nenda naye akaone vitu vya maana, ameshinda na simu yangu wiki nzima. Haya. Tukakaa safu ya nne. Akaingia jamaa kavaa koti lenye mkia, akainama kidogo kama mtu anayeokota sarafu, akatupa mgongo, na kuanzia hapo kwa saa moja na dakika arobaini tukawa tunautazama huo mgongo.

Hakuna aliyetuambia tunasikiliza nini. Karatasi tuliyopewa mlangoni imejaa Allegro con nini sijui. Mtoto akaninong'oneza, Anko, huyu nani? Nikamwambia ni kondakta. Akakaa kimya akifikiri, halafu, "Konda wa gari gani?"

Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa. Lakini ngoja. Kipande cha kwanza kikaisha kwa kishindo, tarumbeta, ngoma, kila kitu, na mtoto akapiga makofi kama ambavyo binadamu yeyote angepiga. Mama mmoja mbele yetu akageuka akamtazama kama kavunja sahani msibani. Kumbe hapakuwa mahali pa kupiga makofi, mpaka vipande vyote viishe. Mtoto akaficha mikono chini ya mapaja na hakuitoa tena mpaka tunatoka.

Nje nikamfuata mmoja wa waandaaji, nikamwuliza kwa heshima zote, kaka, kwani mngetuambia mawili matatu mngepungukiwa nini? Akaniambia muziki wa aina hii hauelezwi, ukianza kuueleza unaushusha.

Unaushusha! Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo, na ndo maana leo naandika habari za Leonard Bernstein, kondakta (yaani mwongozaji wa okestra) na mtunzi wa Marekani, mtu ambaye kama kuna yeyote duniani aliyekuwa na haki ya kusimama akatupa mgongo na kiburi chake, ni yeye, na hakufanya hivyo.

Maana huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Baba yake alikuwa mhamiaji anauza vifaa vya saluni Boston na alitaka kijana arithi biashara, piano yenyewe iliingia nyumbani kwa sababu shangazi alikuwa anahama hana pa kuiweka, kijana ana miaka 10. Tarehe 14 Novemba 1943, ana miaka 25, mwongozaji mkubwa Bruno Walter kaugua, kijana akaambiwa leo jukwaa la Carnegie Hall ni lako, mazoezi hakuna, na redio ya CBS inarusha nchi nzima. Kesho yake yuko ukurasa wa mbele wa New York Times. Baadaye akatunga muziki wa West Side Story (1957), mchezo wa jukwaani wa nyimbo, na mwaka uliofuata akakabidhiwa New York Philharmonic, Mmarekani wa kwanza mzaliwa wa kule kule kupewa okestra ile. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kutuambia nyie kaeni kimya mkipata mmepata.

Sasa alifanya nini? Tarehe 18 Januari 1958, wiki zake za kwanza kabisa kwenye hiyo kazi, akajaza Carnegie Hall watoto, kamera za TV zinarusha, akawapigia ile ya mtunzi Rossini, ya William Tell, inayokwenda mbio kama farasi. Watoto wakalipuka wakitaja cowboy, maana kule Marekani muziki ule ulikuwa wa tamthilia ya cowboy. Bernstein akawaambia hata binti yangu wa miaka mitano anasema hivyo hivyo. Halafu akawageuzia kibao, kwamba mmekosea, muziki huu hauhusu cowboy, hauhusu hadithi yoyote, muziki ni noti zenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo moyo wa ugomvi wangu na yule kaka wa pale mlangoni. Watu wanadhani kueleza muziki ni kuubandikia hadithi, kwamba hapa mvua inanyesha, hapa mfalme anakufa, hapa ndege wanalia. Hilo kweli ni kuushusha, nakubaliana naye nusu nusu. Bernstein alilipinga hilo mbele ya watoto, na namna alivyolipinga ni ya kihuni kabisa. Aliwatungia hadithi ya uongo: kuna mtu kafungwa jela bila kosa, Superman anakuja na pikipiki usiku kumtoa, wafungwa wengine wanakoroma. Okestra ikapiga, na watoto wakasikia kila kitu, pikipiki wakaisikia, kukoroma wakakusikia. Alipomaliza akawaambia nimewadanganya. Muziki huu ni wa mtunzi Richard Strauss, unamhusu Don Quixote, mzee wa Kihispania aliyejiona shujaa, na huko kukoroma ni kondoo, mzee anawavamia akidhani ni jeshi. Okestra ikapiga tena zile zile, hakuna kilichobadilika, na sasa watoto wanasikia kondoo.

Hivi mnaona alichokifanya? Hakuna mahali alipourahisisha muziki. Amewafundisha watoto jambo ambalo wanafalsafa wanaandikia vitabu vinene, kwamba sauti haina maana iliyogandishwa ndani yake, maana tunaiweka sisi, ila muziki wenyewe unabaki vile vile ukitusisimua kwa mpangilio wake. Amelifundisha kwa Superman na pikipiki. Mtoto anatoka pale kapewa masikio, hakupewa hadithi ya kukariri. Huko ndo kushusha? Basi tushusheni jamani, tushusheni wote.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1954 kwenye TV alichora ukurasa wa kwanza wa Simfonia ya Tano ya Beethoven sakafuni studio, mkubwa hivyo, akasimamisha wanamuziki juu ya mistari, kila mmoja kwenye mstari wa ala yake, halafu akawatoa wale ambao Beethoven hakuwatumia mwanzoni, filimbi tokeni, tarumbeta tokeni, mpaka wakabaki wenye nyuzi na klarineti. Unaona kwa macho uamuzi wa mtu aliyekufa 1827. Halafu akachukua madaftari ya Beethoven, yale aliyoandika akayakata, akayapiga ili usikie ingekuwaje kama asingeyakata. Inakuwa mbaya, na ndo unaelewa kwa nini nzuri ni nzuri. Mi nimeimba kwaya miaka kumi na moja, besi, kwa solfa ubaoni, na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha kitu kilichofutwa. Tulipewa tu kilichobaki tukaambiwa imbeni, na ole wako uulize kwa nini, unaambiwa wewe besi tulia.

Zile shoo za watoto zilifika 53, mpaka 1972. Aliwaeleza muundo wa sonata, namna moja ya kupanga kipande cha muziki, kwa wimbo wa Beatles, mbele ya wazazi waliokuwa wanaona Beatles ni kelele. Januari 1963 akamleta kijana wa miaka 16, André Watts, baba Mmarekani mweusi mama Mhungaria, akapiga konsato ya Liszt, utunzi wa piano na okestra, kwenye TV nchi nzima. Mwaka 1959 yuko Moscow, akasimama kuwaeleza wasikilizaji muziki wa mtunzi Mmarekani Charles Ives kabla ya kuupiga, mhakiki wa gazeti akanuna, kwamba mambo gani haya. Kila mahali kuna yule kaka wa mlangoni.

Sawa, najua mtakachosema. Alikuwa na majigambo, aliruka stejini mpaka mhakiki Harold Schonberg wa New York Times akamsakama miaka na miaka, sigara haikumtoka mdomoni. Sawa. Na alikuwa na TV ya nchi tajiri nyuma yake, enzi ambayo chaneli zenyewe zinahesabika, usipomwangalia yeye unaangalia nini. Hilo nakubali ila kwa shingo upande, maana okestra nyingine zilikuwa kwenye nchi hiyo hiyo na hazikugeuka.

Linaloniuma ni jingine. Mtu huyo huyo aliyekuwa anatetea haki za watu weusi hadharani, okestra yake ilikuwa na mwanamuziki mweusi mmoja tu wa kudumu, mpiga vayolini Sanford Allen, aliyeingia 1962. Mwaka 1969 wanamuziki wawili weusi wakaishtaki okestra kwa ubaguzi. Kwa hiyo kwenye TV karibuni wote, kwenye viti vya kulipwa ngojeni kwanza. Hapo sina utetezi wala sitautafuta.

Lakini turudi kwenye swali la mtoto, konda wa gari gani. Kwenye daladala dereva ndo anatupa mgongo, na sawa, ana barabara ya kutazama. Konda kazi yake ni sisi. Anasimama mlangoni anatangaza gari linakwenda wapi, anakuvuta mkono, mama ingia kuna siti, anagonga bati gari linasimama bibi ashuke taratibu. Pale ukumbini tulikuwa na madereva watupu. Watu wakubwa, wenye suti, wamepanda gari ambalo hakuna aliyewaambia linaenda wapi, na wanaona aibu kuuliza. Yule mama aliyemkazia macho mpwa wangu, nina uhakika na yeye siku moja alipiga makofi mahali si pake akakaziwa macho.

Usiku nikamtafutia mtoto klipu ya ile shoo ya 1958, picha haina rangi na Kiingereza cha mzee kinakimbia, nikawa namtafsiria hivi hivi. Pikipiki aliisikia. Nilipomwambia kumbe ni kondoo akanikatalia katakata, eti Anko wale ni watu wanakoroma, rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu mikono ilishatoka chini ya mapaja, anapunga pamoja na yule mzee kwenye simu, na dada yangu amesimama mlangoni anauliza simu yake inarudi saa ngapi.