Nipimie kwa bidoni

Redio ikitaka kutuonyesha ukubwa wa kitu, inakimbilia uwanja wa mpira. Shamba fulani ni viwanja kumi, kambi fulani viwanja ishirini. Uwanja upi? Ule wa mechi za kimataifa, mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140, hata hekta haujafika. Vile vyetu vya Goma vinaishia palipo na ukuta wa jirani.

Mimi naamini kipimo kinachoeleweka ni kile ambacho mwili umeshakibeba. Kwetu ni bidoni, lile dumu la plastiki la njano la kuchotea maji, lita 20. Lita ya maji ina kilo moja, basi bidoni iliyojaa ni kilo 20 na ushee, kwa sababu plastiki nayo ina uzito wake. Mama anayepanda kutoka ziwani nayo mgongoni, kamba imembana paji la uso, hahitaji kufundishwa kilo 20 ni nini. Mwambie mita moja ya ujazo ni bidoni 50, atakuuliza hapo hapo: hizo ni chukudu ngapi? (Chukudu ni baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo.) Ameshaelewa.

Penye utamu hasa ni kwenye mvua. Unasikia zimenyesha milimita 10, unaona ni kitu kidogo, upana wa kidole cha mwisho. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua nyumba ya bati ya mita 8 kwa 5: mita za mraba 40. (Hesabu eneo la chini ambalo paa limefunika, mteremko wa bati usikudanganye.) Milimita 10 hapo zinaleta lita 400, yaani bidoni 20! Toa yanayoruka pembeni, toa yanayovuja kwenye mfereji, bado umeokoa safari nyingi za ziwani. Katika mji ambao mvua inazama ndani ya mawe ya volkano na mto hatuna, ningependa utabiri utangazwe hivyo: kesho, bidoni 20 kwa paa.

Volkano yetu ya Nyiragongo nayo tunaambiwa ni mita 3,470, lakini hizo zinahesabiwa kuanzia usawa wa bahari, ambayo wengi wetu hatujaiona. Ufuo wa ziwa letu, Kivu, wenyewe uko mita 1,460 hivi. Kwa hiyo mlima unaotuangalia umetuzidi kama kilomita 2: mwendo wa miguu wa dakika 25 barabarani, ila uusimamishe wima.

Bidoni ina mwisho wake, nakubali. Gesi ya methani iliyo ndani ya ziwa Kivu inakadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60 hivi, na kilomita moja tu ya ujazo ni bidoni bilioni 50. Bilioni hakuna mgongo ulioibeba. Hapo afadhali watuambie gesi hiyo inaweza kuwasha taa za nyumba ngapi, kwa miaka mingapi.